Jiwe la Mlangoni na Mabega ya Mke Wangu

Jumapili, 10 Agosti

Balendin kachanganyikiwa! Mwenyekiti wa chama chetu cha mapishi, mtu mzima na mvi zake, leo kasimama mezani kusema ati wakati umefika wanawake nao waingie chamani. Wapike, wale, waimbe. Ndani ya jiko letu! Nusu ya wanachama wakaitikia kwa vichwa. Nusura nipaliwe na mvinyo wa tufaha.

Sina chuki na wanawake. Nina shida yangu. Miaka kumi na minane sasa, kila sikukuu ya Mtakatifu Bartolomeo, bereti, kofia yetu bapa, ya ubingwa wa kupika samaki wa chumvi naivaa mimi, Prudentzio. Siri ni ule mchuzi mzito wa mafuta ya zeituni, ambao nimewaambia wote niliurithi kwa babu yangu. Babu yangu alikuwa hajui kuchemsha yai! Mchuzi ni wa mama mkwe, Mama Eustakia. Nilimchungulia jikoni kwake. Maixabel, mke wangu, akionja tone moja tu, nimekwisha.

Bahati nzuri nina akili. Mlangoni pa chama kuna jiwe la kale la kunyanyulia, kilo sabini na tano. Hakuna mwanachama aliyelifikisha begani tangu Anbrosi mwokaji alipokuwa hana kitambi. Nikavua bereti, nikaibwaga sakafuni. Nikasema mwanamke atakayelinyanyua jiwe hilo siku ya sikukuu, huyo na aingie, na asiyeweza akae kwake! Makofi. Balendin akaiokota bereti, akauliza kama hilo ndilo neno langu. Ndilo! Na huku kwetu bereti ikishagusa sakafu mbele ya mashahidi, hakuna kurudi nyuma. Balendin alikuwa anatabasamu. Maskini, hajui kashindwa.

Jumanne, 12 Agosti

Ndara yangu iliingia nyuma ya kabati la nguo. Nikamwambia Maixabel kesho nitamwita Xanti, fundi mawe, aje tusaidiane kulisogeza. Akasema nisimsumbue Xanti. Akalikumbatia kabati, akaliondoa ukutani, akanipa ndara, akalirudisha bila kishindo. Halafu akaenda kumenya viazi, huku anapiga mluzi!

Kabati la bibi yangu! La mwaloni! Na makoti yote ndani! Nikabaki nimekaa kitandani na ndara mkononi.

Wakati wa chakula nikamtazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu harusi ya binti yetu. Ana mabega. Tangu lini ana mabega?

Alhamisi, 14 Agosti

Yesu na Maria! Nimedanganywa mwaka mzima!

Kila Jumanne na Alhamisi Maixabel huenda kwa binamu yake kujifunza kuoka. Hurudi na unga mikononi na mkate wa moto kwapani. Leo nikapita dukani kwa Anbrosi kumtambia, kama kawaida yangu, kwamba mkate wa mke wangu unaushinda wake. Anbrosi akacheka mpaka akaishika meza. Akasema, "Prudentzio, ndugu yangu, mkate huo nauoka mimi! Mkeo anaununua hapa hapa, halafu wewe unakuja kunitukana nao."

Na unga je? Si unga! Ni chaki ya kupaka viganjani wasiteleze. Nyuma ya kiwanda cha zamani cha karatasi kuna ukumbi, na humo kocha mmoja msichana, Garazi, anawafundisha wanawake kunyanyua vyuma. Vyuma na mawe. Mawe! Anbrosi akasema mke wangu anapiga tizi kuliko wote. Kijiji kizima kinajua. Balendin naye anajua, binti yake yumo!

Nimerudi nyumbani. Mkate nimeula. Mtamu, kwa kweli.

Jumamosi, 16 Agosti

Dawa nimeipata. Mtu aliyeshiba mpaka koo hanyanyui kitu, analala. Nimempikia Maixabel maharage meusi, soseji ya damu, mbavu za nguruwe na keki ya jibini. Mimi, kupika nyumbani! Akala vyote. Akaongeza. Kisha akanishika shavu, machozi yakimlenga, akaniambia kocha Garazi anamgombeza kila siku ati hali chakula cha kutosha, ndiyo maana nguvu zimekwama. Na mimi, ati, nimetambua bila kuambiwa! Akasema alikuwa anaogopa kuniambia kwamba jiwe la chama atalinyanyua yeye. Miaka yote hii anasikia sifa za samaki wangu kwa watu. Anataka aonje kabla hajafa.

Nikamwambia hongera. Ningesema nini? Kesho ameomba mbavu tena.

Alhamisi, 21 Agosti

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Aibu! Aibu!

Xanti ana jiwe jingine, sura ileile, ila lina kilo mia. Nilimwambia nalitaka la kupambia bustani. Akanishushia nje ya jengo la chama baada ya chakula cha mchana, saa ambayo kijiji kizima kinasinzia. Hesabu ilikuwa rahisi. Letu nalisukuma nyuma ya ukuta, hili nalisukuma mlangoni. Nikainama. Nikalikumbatia letu. Kitu kikalia kiunoni, ka! Nikaganda palepale, matako juu, shavu kwenye jiwe. Mvua nayo ikaanza.

Nani wakatokea? Maixabel na wenzake, wakitoka mazoezini! Mke wangu akasogea. Akalitazama jiwe hili, akalitazama lile, akanitazama mimi. Akachuchumaa. Akanipakata mapajani, akanipandisha kifuani, akanipandisha begani, taratibu zote za jiwe, hakuruka hata moja! Wenzake wakashangilia. Akanivusha hivyohivyo uwanja mzima wa kanisa, na padri yuko dirishani. Nikasikia Garazi anauliza nina kilo ngapi. Maixabel akasema themanini na nane, "na hana hata pa kushikia."

Jumapili, 24 Agosti

Sikukuu. Nimepika nimekaa kitini, mto mgongoni, natikisa chungu cha samaki ili mchuzi uwe mzito. Nikaomba mvua. Likawaka jua.

Uwanja ulijaa. Maixabel akapaka chaki, akalikumbatia jiwe, akalileta mapajani. Likamgomea hapo. Uso ukamwiva. Nikasikia mtu anapiga kelele nyuma, "Twende, Maixabel! Juu, mke wangu, juu!" Nikageuka kumtafuta mpumbavu huyo. Nilikuwa mimi! Jiwe likapanda kifuani, likafika begani, na kijiji kikalipuka. Baada yake binti Balendin naye akalinyanyua.

Kisha Maixabel akaingia jikoni. Akachukua kijiko. Nikafumba macho.

Akaonja. Akasema mbele ya wote kwamba chumvi imezidi, na kwamba mama yake hutikisa chungu taratibu zaidi. Anbrosi akauliza mama huyo anahusikaje na babu wa Prudentzio. Maixabel akacheka. Akasema mchuzi huu ameujua miaka kumi na minane, kwa sababu kila sikukuu narudi nyumbani shati linanuka jiko la mama yake. Alichokuwa anakitaka ni kuiona sura yangu tu.

Ameiona. Balendin akanivua bereti ya ubingwa kichwani, akaagiza apelekewe Mama Eustakia. Mimi nimepewa masufuria, niyaoshe mwaka mzima.

Jumanne, 26 Agosti

Mama mkwe kaja chamani na bereti yangu kichwani! Anataka uanachama. Mwakani anataka kushindana. Huruma ikawashika wote. Wakasema kwa umri wake, miaka sabini na tisa, suala la jiwe lisamehewe.

Hapo nikaona mwanya. Nikasimama, mgongo na maumivu yake. Nikasema sheria ni sheria! Nikavua bereti yangu ya zamani, nikaibwaga sakafuni. Mama Eustakia akilinyanyua jiwe sikukuu ijayo, mimi samaki sipiki tena, na masufuria naosha hadi kufa! Balendin akaiokota, akauliza kama hilo ndilo neno langu. Ndilo! Ajuza wa miaka sabini na tisa! Safari hii nimewaweza.

Mama mkwe akaiweka sawa bereti kichwani. Kisha akaniomba, "Mwanangu, nipeleke kule kiwandani kwa yule msichana Garazi." Nimecheka njia nzima. Nikampa mkono ashuke garini. Kiganja chake kigumu kama mpini wa jembe, na akanivuta mpaka nikayumba.

Utelezi tu, nadhani. Kulikuwa na matope.