Jovelyn na Vita vya Mioyo Inayonyesha

Sogeeni, enyi mlio na masikio na mlio na nafasi, mwenye chai aje na kikombe chake, niwasimulie habari za Jovelyn binti Remedios, bingwa wa mji wa Tagbilaran kule visiwani, simba jike wa kiti cha plastiki, ambaye kwa kidole kimoja aliliangusha jeshi alilolikusanya mwenyewe.

Zama hizo kila kijana wa mji ule alikuwa na ukurasa wake katika mtandao wa marafiki, na ukurasa ukikaa mtupu, mwenyewe alionekana hana kwao. Basi Jovelyn na binamu yake Cherrylou, fundi wa mapambo asiye na mpinzani visiwani kote, wakaupamba ukurasa wa Jovelyn wakapitiliza: mioyo myekundu ikinyesha tokea juu, vipepeo wakiukimbiza mshale wa kompyuta, herufi za waridi zikikonyeza katika weusi, na wimbo wa mapenzi uliojianzisha wenyewe bila kuombwa na mtu. Darasa zima likaja, likatazama, likaona wivu.

Lo! Jumapili moja baada ya misa, wakiwa katika duka la intaneti la Manoy Isko, simu ya Jovelyn ikalia. Ilikuwa meseji ya mama yake Remedios, aliyekuwa Hong Kong miaka mingi akilea watoto wa watu, na ambaye bintiye alikuwa amemwekea picha ya mahafali ukurasani ili aione.

"Inday, binti yangu, niko maktaba. Nimekaa weee, naona mioyo tu inaanguka, halafu mashine inaganda. Wewe uko wapi humo? Watu wanangoja zamu nyuma yangu, wameshaanza kuguna."

Jovelyn aliona aibu, kisha aibu ikageuka hasira. Kumbe ngome ile aliyojivunia ilimfungia mama yake nje! Akainuka, mwana wa Remedios, akanena kwa sauti iliyofika hadi kompyuta ya mwisho:

"Vyote vinafutwa! Sasa hivi!"

Cherrylou akaikumbatia kibodi. "Wee, umerogwa? Vipepeo wale wamenitoa jasho! Ukiwaondoa, ukurasa utabaki kama tangazo la msiba, na kesho shule nzima itatucheka!"

"Wacheke mpaka wakauke. Mama yangu hanioni, Cherry."

Cherrylou akaiachia kibodi.

"Na huo wimbo uanze kufa!" akatamka Manoy Isko kutoka mezani kwake. "Siku hizi hata jogoo wangu anauwika!"

Hapo shujaa akaingia uwanjani, katika msitu wa misimbo iliyoujenga ukurasa. Wimbo ukafa kwanza, na duka zima likashusha pumzi. Vipepeo wakateketea na vizazi vyao. Herufi zikaacha kukonyeza, weusi ukafutika. Lakini mioyo, ole wake! Aliifuta, ikanyesha, akaifuta tena, ikanyesha palepale, na simu ikalia: "Inday, wananiinua kitini."

"Sogea," akasema Cherrylou, machozi yakimlenga. "Niliibandika mara mbili, ili inyeshe vizuri. Ya pili iko huku chini kabisa." Akamwonyesha kwa kidole, akageuza uso asione.

Jovelyn akabofya.

Ukurasa ukasimama mweupe, kimya, na katikati yake picha moja ya msichana aliyevaa joho la mahafali. Wakangoja. Manoy Isko naye akaja kusimama nyuma yao, eti anakagua waya. Kisha chini ya picha yakajitokeza maneno:

"Nimekuona! Jamani, umerefuka hivyo? Na hizo hereni ni zangu, nimezitafuta nyumba nzima ya tajiri wangu nikidhani nimeibiwa, kumbe niliziacha huko."

Jovelyn akazishika hereni masikioni, akacheka huku analia, na Cherrylou akalia kumshinda.

Basi andikeni, enyi wenye kuandika habari za wafalme na miji iliyotekwa, kwamba Jumapili ile, kwenye kiti cha plastiki mjini Tagbilaran, mioyo yote ilianguka, na mama akamwona mwanawe.