Gurudumu la Kulia Hukaza

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mama amepiga kwa simu ya dada. Mvua imevuja darini na picha yangu ukutani imeharibika. Za ndugu zangu zimepona, zote alizopiga Mjomba studioni kwake, kila mmoja wetu kwenye kiti kilekile. Mahali pangu umebaki msumari. Anasema wageni wakija anawaonyesha watoto wake kwa kidole, mimi ananitaja kwa mdomo tu. Kisha akasema sura yangu imeanza kumpotea, amebaki na sauti. Nikaiweka simu kifuani. Akadhani simu imekatika.

Mchomeleaji wa hapa kazini anakwenda likizo Jumamosi asubuhi na anapita mlangoni kwa Mama. Kwa hiyo picha iwe imesafishwa dukani kabla ya Ijumaa jioni. Picha ya simu Mama haitaki. Anasema haina mgongo wa kuandikia jina.

Kamera ninayo. Ya kisasa, zile zisizo na kioo ndani. Mpima ardhi aliniachia alipohama, nikampa jaketi langu. Nasikia baridi tangu siku hiyo, lakini sijuti. Ina vitufe kama ngozi ya mamba, na kila kitufe unaweza kukiamuru kazi nyingine. Hapo ndipo nilipopata wazo. Nitaipanga ifanye kazi kama kamera ya Mjomba.

Fundi umeme, ambaye analala kitanda cha juu yangu na kujua kila kitu, ameniambia niache kamera ijipangie yenyewe. Nimemwambia hata mbuzi hujipangia mwenyewe, ndiyo maana hula nguo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mjomba alikuwa haangalii kamera yake. Alikuwa anatuangalia sisi, huku vidole vinazungusha, kli, kli, kli. Alituambia tutulie kama mti uliokatwa. Ukipumua, anaanza upya. Harufu ya shati lake bado naijua, dawa ya picha na sabuni ya kipande. Nilikuwa naona anafungua kitu na kufunga kitu, kama fundi.

Leo baada ya kazi nimeingia kwenye menyu. Hakuna Kiswahili. Shule niliiacha mapema, Kiingereza changu ni cha kusoma vibao vya hatari. Nimekwenda kwa kubahatisha, kama mtu anayetafuta choo kwenye nyumba ya watu.

Nimefaulu jambo kubwa. Mimi kazi yangu ni kufunga jukwaa la mabomba ambalo mafundi wengine husimama juu yake. Maisha yangu yote, kulia ni kukaza, kushoto ni kulegeza. Kamera ilikuwa kinyume. Sasa nimeigeuza. Ukizungusha gurudumu lake dogo la mwanga kulia, unakaza, mwanga unapungua. Kushoto unalegeza, mwanga unaingia. Mtoto mdogo ataelewa.

Fundi umeme hakuelewa. Alisema kulia ni kuongeza, hata redio ukitaka sauti unazungusha kulia. Fundi bomba, mwenzetu wa tatu chumbani, akamwambia afungue bomba la maji kwa kulia tuone kama ataoga. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nilifurahi. Ni mara ya kwanza fundi bomba kuwa upande wangu tangu nimkalie miwani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Jaribio la kwanza, saa ya chakula, nyuma ya rundo la mchanga. Nilimpa fundi umeme kamera kwa sababu fundi bomba alikuwa amelala. Nikamweleza: kukiwa na giza, legeza. Akaitikia vizuri sana, "Sawa, mzee, sawa." Nikakaa juu ya ndoo, nikatulia kama mti uliokatwa.

Aliona giza, akazungusha kulia. Mkono wake ulikwenda wenyewe, alisema. Akaona giza limezidi, akazungusha kulia zaidi. Binadamu huyu ndiye tunayemwamini na umeme wa jengo zima.

Katika picha kuna kofia yangu ya njano ikielea usiku wa manane. Chini ya kofia hakuna mtu.

Aliniuliza kama Mama atanitambua kwa kofia. Nimemwambia kitanda cha juu huvunjika, watu wakaanguka.

Jumatano, jioni

Mama ameuliza kama picha tayari. Nimesema inakauka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimegundua kosa. Gurudumu halina ubaya, vitufe ndivyo havijitambulishi. Pia nimefanya ujanja mwingine. Kamera ya Mjomba ilikuwa na kazi mbili: kwanza anaitafuta sura yako mpaka iwe kali, kisha anapiga. Hizi za siku hizi zinafanya yote kwa kitufe kimoja, haraka haraka, kama mtu anayekula amesimama. Nimezitenganisha. Kitufe cha nyuma kinatafuta sura. Kitufe cha juu kinapiga tu.

Ili mtu asisahau kile cha nyuma, nimekibandika utepe mwekundu. Utepe ni wa fundi umeme. Nimeuazima bila kumchosha kwa maombi.

Safari hii nikampa fundi bomba, mtu anayejua kulia na kushoto. Ukuta wa matofali nyuma yangu, jua zuri la jioni. Mwanga akauweka sawasawa. Akapiga kama mara ishirini. Nikamsifu kwa sauti ili fundi umeme asikie.

Ukuta umetoka vizuri. Kila tofali limetoka na heshima yake, unaweza kuhesabu chembe za saruji. Mimi niliye mbele ni moshi.

Nikamuuliza fundi bomba kwa nini hakugusa kitufe chenye utepe. Akanitazama kama mgonjwa. Akasema katika jengo hili kitu chenye utepe mwekundu hakiguswi, tuliambiwa siku ya kwanza kazini, na aliyetuambia ni fundi umeme. Fundi umeme akasema ni kweli, na akauliza utepe wake umefikaje pale.

Nimelala bila kula nao.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku mbaya. Magari ya zege yalichelewa, nasi tukachelewa kushuka. Mchomeleaji alikuwa amekwisha kufunga begi. Aliniambia kwa upole, "Kaka, duka la picha likifunga, mimi nitambebea Mama salamu tu." Salamu! Amekwisha kupokea salamu za miaka.

Nikakimbia kuoga. Nikavaa shati la kola nililokuja nalo, ambalo Mama alinipigia pasi mwenyewe siku ya kuondoka. Kola imeanza kunibana, au shingo imeongezeka misuli. Nilipokuwa nafunga vifungo nikakumbuka alivyokuwa akinilowesha nywele kwa kiganja kabla hatujaingia kwa Mjomba. Nikalowesha nywele kwa kiganja. Si sawa ukijifanyia mwenyewe.

Nikatoka nje. Fundi umeme amesimama na kamera, uso unang'aa kama wa mtu aliyetenda wema. Utepe hakuna. Akasema ameirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Vitufe vyote. Gurudumu pia.

Kazi yangu ya wiki nzima. Nilimwambia mambo. Nilimwambia yeye ni mtu wa kupindua wenzake, nikamwambia kuhusu soksi zake, nikamnyooshea kidole nikamwambia kama Mjomba angekuwa hai angemtoa kwa fagio. Katikati ya fagio akabonyeza.

Kli.

Jua lilikuwa linazama. Hakukuwa na muda wa kupiga nyingine. Tulikimbia hadi dukani sote watatu, mwenye duka ameshika kufuli. Picha ni kali na mwanga wake ni mzuri, sitasema uongo. Lakini mdomo uko wazi, kidole kiko juu, jicho moja limetoka. Ndugu zangu wote pale ukutani wametulia kama miti.

Nimeandika jina langu nyuma. Mchomeleaji ameiweka katikati ya nguo zake safi.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mama amepiga. Nilipokea nikiwa tayari kuomba radhi.

Dada akachukua simu, akasema Mama anacheka na kulia pamoja, kanga imelowa. Kisha Mama akarudi. Akasema wengine wote pale ukutani Mjomba aliwatisha wakawa kama viti, hata yeye mwenyewe husahau nani ni nani. Lakini huyu amemwona, akamjua kabla hajavaa miwani. Akasema ndivyo nilivyokuwa nikigombana mlangoni nikiambiwa nioge. "Sasa sura imenirudia, baba." Alisema wageni wakija, anawasimulia habari zangu kwanza.

Niliwaambia wenzangu kuwa simu ina vumbi, nikatoka nje kidogo.

Kabla ya kukata aliomba moja nyingine. Nikicheka. Ameona meno, anasema, lakini ya ugomvi.

Jambo liko wazi. Fundi umeme alibahatisha, na bahati haiji mara mbili. Nimerudisha mpango wangu wote. Gurudumu kulia linakaza. Kitufe cha nyuma kinatafuta sura, utepe mwekundu mkubwa zaidi. Na nimegundua humo ndani kuna kazi ambayo kamera inasubiri mtu acheke, kisha inapiga yenyewe. Haihitaji fundi yeyote. Nimeikabidhi kitufe cha juu na kuisimamisha kamera juu ya ndoo.

Nimekaa mbele yake tangu chai. Nimecheka kadiri niwezavyo. Haijanipiga. Fundi umeme na fundi bomba wamesimama nyuma yangu wakinitazama, na kila dakika inawapiga wao, mikono tumboni, machozi yanawatoka. Ninazo picha zao nzuri sana.

Nimefikiri kwa makini. Kosa liko kwenye gurudumu. Halijakazwa vya kutosha.