Mkwe Wangu wa Kilimani

Jumatatu, 1 Februari 1965
Mama Mzungu wa mijusi amekuja barazani Magunga. Anasema mjusi wa kilele cha kilima chetu yuko karibu kwisha. Tunachoma nyasi ili mbuzi wapate majani mabichi, paka wanamla, na akiteremshwa huku kwenye joto anakufa. Anatafuta mlinzi. Atapewa kofia na buti! Shemeji yangu Walter, kaka wa mke wangu, ameinua mkono kabla yangu. Mwache apande kilima kila siku, kazi ya punda. Mwenye akili humleta mjusi nyumbani, akamlinda ameketi.

Jumatano, 3 Februari
Nimempata! Kwenye ukungu wa asubuhi, kijani, mnene, ana mimba, maana hawa hawatagi mayai, huzaa. Alinitazama kwa upole, nikalegea. Nimemwita Akinyi, kama mtoto aliyezaliwa asubuhi. Kumbe nimejichimbia shimo! Phelesia, mke wangu, amenikumbusha kwamba Akinyi ni jina la mama yake, akauliza tangu lini mwanamume akalala nyumba moja na mama mkwe. Nikasema huyu ni mjusi. Akasema jina ni jina, na nimelitoa mwenyewe. Kwa hiyo Akinyi ndani, mimi kwa mbuzi.

Alhamisi, 4 Februari
Joto kali. Akinyi amelegea, mdomo wazi. Nimempepea kutoka mlangoni, maana kuingia nimekatazwa. Nimelia, na sioni haya. Phelesia, ambaye jana hakutaka hata kumgusa, amemlaza kando ya mtungi wa maji mpaka akafumbua macho, kisha akamtia kikapuni. Nikajitolea kumrudisha kilimani. Akasema, "Mama yangu hasindikizwi na mtu aliyemwiba." Amepanda peke yake.

Jumapili, 7 Februari
Akinyi amezaa! Phelesia amewaona watoto, wembamba kama njiti za kiberiti. Na kazi ya ulinzi amepewa yeye. Mama Mzungu alimkuta kileleni akiwafukuza wachoma nyasi kwa tawi. Walter amenuna. Mimi nilinuna kidogo tu, kwa sababu nimerudishwa ndani, na kofia ile inampendeza. Nampenda sana mwanamke huyu.
Lakini panya je? Watoto wachanga vile, panya wakiwafikia? Mlinzi wetu hajalifikiria hilo. Bahati nzuri jirani yetu Priscah ana paka hodari, na amekubali kuniazima. Kesho nampandisha kileleni. Kikapu ninacho.