Mazingira Yenye Jina la Mwavita

Jumatatu, 3 Machi
Vita imeanza. Shefu Isaka, mkuu wetu wa kazi, ametangaza kwamba mradi wetu, ule wa kompyuta kutambua kwa picha ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokauka vizuri, utabaki na fundi mmoja. Mimi au Mwavita. Atakayeshindwa arudi kwao. Kwetu ni Nyanza-Lac, kukamua mawese chini ya shemeji Karoli, anayeniita kwa mluzi kama mbuzi. Sitaki!

Jumanne, 4 Machi
Kompyuta ni moja, tunagombania. Mwavita anaandika amri, kila kazi inapata mazingira yake, yaani chumba chake ndani ya kompyuta, na programu zake, kama mama asiyepika samaki kwenye sufuria ya maziwa. Madoido! Mimi mazingira yangu ni hayo hayo kwa kila kazi. Humo nimetupia kila kitu, picha, hata modeli yenyewe niliyoifundisha kutambua samaki.

Diski imejaa. Shefu amefoka kwamba anayeijaza atamjua. Nikapata akili. Mazingira yangu nimeyabadilisha jina: "mwavita-3". Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumatano, 5 Machi
Shefu kaorodhesha mazingira yote. Manene kuliko yote: mwavita-3! Kamuuliza Mwavita mbele yetu kama humo anafuga tembo. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko.

Mwavita akalitazama lile jina, akanitazama na mimi. Akasema hakuna shida, shefu afute yote yenye jina lake. Picha na modeli yake ameviweka kando, orodha ya programu zake iko, atayajenga upya.

Afute yote! Nikasema tusiharakishe. Shefu akanisifu kwa roho nzuri, akafuta. Modeli yangu! Miezi ya jasho! Na siwezi hata kulia. Nitalilia nini, mali ya Mwavita?

Alhamisi, 6 Machi
Mwavita kajenga upya kabla chai haijapoa. Mimi nahangaika: programu hii inaikataa ile, ile inataka toleo la zamani, lipi sikumbuki. Mvua ikaja, mtandao ukaenda. Mwavita akaniletea chai, akaniuliza kwa upole kama kaka Yonasi amepoteza kitu. Nikasema hapana, murakoze, asante. Mchawi yule!

Ijumaa, 7 Machi
Kabaki Mwavita. Kwenye jaribio modeli yake iliwakataa ndagala wenye mchanga, wachuuzi wa samaki wa Magara wakapiga makofi. Roho inaniuma. Karoli kapiga simu, anauliza nafika lini. Nimemwambia asinitegemee.

Maana nimekaa, nimelitafuta kosa langu, nimeliona. Mwavita ni mtu mdogo, vyake vinafutwa tu. Leo, kabla hawajanitoa kwenye kompyuta, nimeanza mazingira mapya. Nimeyaita "shefu-isaka". Tuone nani atathubutu!