Kilobaiti 412

Jumatatu, 23 Septemba 2024. Mbinga.
Baridi. Miaka arobaini na minne huku milimani, na magoti bado yanadai ziwa.
Jumapili watu wa Likwembe tunakutana ufukweni, jirani na pale kijiji kilipokuwa kabla ziwa halijapanda na kukimeza. Dada Tadea, miaka tisini na moja, anataka kusikia majina ya nyumba zote, kama zilivyopangana, kabla hajafumba macho. Nimeyaandika katika historia yangu. Nitaipakia kwenye ruta kuukuu ya waifai niliyopewa na Padre, kila simu isome bila intaneti. Tatizo ni kerneli ya Linux, programu inayoamka kwanza na kuamrisha chombo kizima. Imejitandaza kama mgeni aliyepewa kitanda cha mwenyeji. Historia imezidi nafasi kwa kilobaiti 412.
Nitaikata kerneli.

Jumanne, 24 Septemba.
Azizi, fundi simu wa sokoni, kaniamkia kwa adabu, kisha kaniharibia siku. Anasema picha yangu ya mwaka 1984, ukurasa wa kwanza, ni kilobaiti 415. Niitoe, kazi iishe. Nimemjibu kwamba historia isiyo na sura ya mwandishi ni tangazo la mnada. Basi niipunguze, anasema. Nilishajaribu. Tai inapoteza mistari.
Nimeondoa kwenye kerneli sauti, kamera na printa. Kuijenga upya kumechukua saa tatu. Zimepungua 150.

Jumatano, 25 Septemba.
Nimeondoa maelezo yote ambayo kerneli huyaandika inapoamka. Nani huyasoma? Zimepungua 80.
Ruta haiwaki. Wala haisemi kwa nini, maana nimeiondolea mdomo.
Mke wangu Hedwiga katoka kupogoa kahawa, mkasi mkononi. Kauliza kama huwa natazama tawi lina nini kabla ya kulikata. Nimemwambia kerneli si mti wa kahawa. Amekubali: mti wa kahawa ungekuwa bado hai.

Alhamisi, 26 Septemba.
Nimegundua. Nilikata pia kile kipande kinachofungua mafaili yaliyobanwa. Nimekirudisha, nikakata michezo ya taa badala yake. Inawaka, kimya kama mkwe mpya. Bado 182.

Ijumaa, 27 Septemba.
Ushindi! Waifai peke yake inakula 185. Nimeing'oa. Wiki nzima nimeijaribu ruta kwa waya kutoka kwenye laptopu, na waya haujanikosea hata mara moja. Zimebaki kilobaiti tatu, nimeongeza shukrani.
Hedwiga kaomba nimwekee ukurasa wa majina kwenye flashi. Kaenda nao kwa Azizi. Sikuuliza.

Jumapili, 29 Septemba. Ufukweni.
Ruta iliwaka mara moja. Watu wakatoa simu. Nikatoa waya.
Hakuna simu yenye tundu la waya ule.
Laptopu niliiacha Mbinga. Kutoibeba ndiyo ilikuwa maana ya ruta. Joakim, aliyekuwa jirani yetu na ambaye hajawahi kunitakia mema, akauliza kwa sauti kama waya ni wa kuanikia dagaa.
Hedwiga akafungua mkoba. Karatasi mbili za Azizi, bila picha. Akasoma nyumba moja moja. Dada Tadea akajibia kila moja: amekwenda, amekwenda, amekwenda. Ilipofika yake, akanyoosha mkono. Nipo.
Nadhani watu walilia. Mimi nilikuwa kwenye simu ya saba, natafuta tundu.

Jumatatu, 30 Septemba. Mbinga.
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa lilikuwa waifai tu. Irudi: 185.
Dada kasema nyumba yake ilitangulia ya kina Bernadi, haikuifuata. Kusahihisha hakuongezi kilobaiti.
Hedwiga anashauri picha itoke. Nimekataa. Isitoshe, Joakim alinipiga nyingine jana, nimeshika ruta, ziwa nyuma yangu. Nilivyokunja uso naonekana mtu wa fikra. Itakaa ukurasa wa pili. Kilobaiti 430.
Jumla ya kukata, 615. Kerneli bado nene.