Kichaka cha Picha ya Sonia

Jumamosi, 12 Julai 2025
Baridi kali. Umande umeganda kwenye nyasi za kanisa letu hapa Bellevue, huku kusini mwa Afrika. Hugues, anayetunza bustani, kakata mawaridi yote hadi usawa wa goti, na pasta kamsifu mbele ya watu. Kwa kukata miti! Kichaka kikubwa cha ukutani, kile cha maua meupe ya Septemba, hakukigusa. Uvivu mtupu. Na ndipo mwanangu Sonia atakapopigia picha ya harusi. Nitakishughulikia mwenyewe.

Jumatatu, 14 Julai
Hugues alipokwenda mjini nikaingia na makasi makubwa. Nimekikata hadi gotini, sawasawa na mawaridi. Nyuma ya tangi la maji sikufika, tumbo halikupita.

Hugues karudi, kasema "eish" tu, kakaa chini. Kisha akanieleza taratibu kwamba waridi huchanua kwenye tawi jipya, lakini kichaka hiki hubeba matumba kwenye matawi ya mwaka jana, hivyo hukatwa baada ya kuchanua. Nikamwambia kwetu Bujumbura tulikata tulipotaka. Akasema Bujumbura hakuna baridi hii. Mtu wa kubishana tu.

Jumapili, 10 Agosti
Mke wangu Gaudiose aliokota matawi machache akayatia kwenye ndoo karibu na hita. Yamechanua chumbani! Nikamwita Hugues aone matunda ya kazi yangu. Kauliza kama bibi harusi atasimama kwenye ndoo.

Alhamisi, 11 Septemba
Kichaka kimetoa majani matupu. Nikafunga maua ya plastiki kwa waya. Sonia alipoyaona alilia, akasema picha ile ameiwaza tangu utotoni. Akayang'oa moja moja bila kunitazama. Imeniuma sana.

Jumapili, 21 Septemba
Harusi jana. Kumbe nyuma ya tangi, tawi nisilolifikia limechanua lote, jeupe pe. Maharusi wakajibana pale, Sonia akicheka hadi machozi. Picha nzuri ajabu. Pasta akauliza ni nani aliyekuwa na busara ya kuliacha tawi lile. Nikasimama. Hugues akakohoa sana.

Leo Hugues kasafiri, anarudi kesho. Mawaridi yake yamerefuka ovyo, kila tawi na kitumba chake juu, na mwezi ujao pasta anambatiza mjukuu wake mwenyewe hapo hapo. Aibu gani hiyo. Nimeshanoa makasi.