Hitilafu Namba 41

Jumatatu, 12 Mei

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Hakutaja siku zilizobaki. Alinitazama tu kama mtu anayetazama gari bovu. Basi niandike nilichoficha kwa miezi minane: kompyuta yangu ni nzima. Ni mimi ninayechomoa waya ukutani ikiwa inawaka. Nikiichomeka tena, inaandika katika daftari lake la matukio: hitilafu namba 41, mashine imezimika ghafla. Hapo nampigia fundi Nduku, wa duka la kompyuta mjini. Huja hapa kwangu Shella, hukaa saa nzima. Na kwa kuwa mgeni haondoki kwangu bila mahamri na mbaazi, huwa saa mbili. Hila safi! Nimesomesha hesabu miaka thelathini na nne. Sikosei.

Jumanne, 13 Mei

Nduku kaja. Shikamoo Mwalimu, marahaba mwanangu. Kabadilisha waya wa umeme, wa tatu huu. Kisha akasoma daftari lote, mbaazi zikipoa. Akasema ajabu: hitilafu zote ishirini na sita zimetokea saa kumi na dakika kumi alasiri. Akauliza kama jini wa humu ndani huswali kwanza ndipo azime mashine. Nikacheka. Nikacheka mno. Kumbe inaandika hata saa! Nina malaika wawili mabegani wanaoandika matendo yangu. Sikujua kuna wa tatu mezani.

Baya zaidi: tajiri wake, mwenye duka, kaamua fundi mwenzake Gachanja aje Ijumaa aibebe mashine, ikapimwe dukani mwezi mzima. Gachanja! Aliyekataa chai yangu kwa kuwa ana haraka! Na mashine ikiondoka, Nduku atakuja kufanya nini hapa?

Alhamisi, 15 Mei

Hila mpya. Nimerudisha nyuma saa ya kompyuta, kisha nikachomoa waya, ili ionekane imezimika alfajiri. Nikafungua daftari kuhakikisha. Limeandika: saa imebadilishwa. Ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi. Mbea mkubwa! Nikalifuta lote. Likawa jeupe, isipokuwa mstari mmoja: daftari limefutwa. Aliyefuta: Amjad.

Jina langu. Herufi zote.

Ijumaa, 16 Mei

Nimerudi kutoka msikitini nikipumzika kila kizingiti. Mlangoni kwangu, Nduku. Si Gachanja. Akafungua daftari, akasoma mstari ule.

"Mwalimu! Wewe!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikajiandaa kutukanwa ndani ya nyumba yangu. Akasema alijua tangu waya wa pili. Amemwambia tajiri kwamba mashine ni nzima, kwa hiyo haibebwi, lakini naye hatatumwa tena. Nikatazama sakafu. Akachukua hamri la pili, akasema kesho hana kazi. Nimpigie tu, niseme "Nduku, njoo," naye atakuja. Si lazima kitu kiharibike. Maneno mawili, Mwalimu.

Mtu mzima ashindwe na maneno mawili?

Jumamosi, 17 Mei

Nimepiga asubuhi. Kapokea mara moja. Haya Mwalimu, nakusikiliza. Nikamwambia printa haichapi.

Akauliza printa ipi.

Sina printa. Nilimsikia akisubiri, taratibu, kama anayemshikia mtoto mlango. Nikamwambia nitainunua Jumatatu.

Basi niandike na hili, maana moyo hauna subira. Mke wangu Mwanabibi alipohamia kwao Mambrui, mwaka wa ishirini na moja sasa, nilitangaza mtaa mzima kwamba simhitaji. Nilimpelekea ujumbe mmoja tu: bomba la jikoni linavuja. Akamtuma fundi.

Bomba lilikuwa zima.